Lenzi ya Mbali na Lenzi ya Kuvuta: Historia Fupi ya Istilahi za Mpiga Picha wa Mashindano ya Magari

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kufuata historia ya maneno machache yanayomhusu mtu asimamaye kando ya barabara, kamera mkononi, akingoja gari la mashindano lipite. Huenda msomaji akauliza: jambo hilo lina uzito gani kwa mfasiri, kwa mwalimu, au kwa mtumishi wa serikali? Jibu letu ni kwamba mtu huyo anakabiliwa na tatizo lile lile linalomkabili kila mwunda istilahi. Mbele yake kuna vyombo vitatu au vinne vinavyofanana kwa sura na kutofautiana kwa kazi, na akikosea kuvitaja atapewa asichokitaka.

Mahali tunapopachukua kuwa kituo chetu ni Chang'ombe, katika Wilaya ya Temeke, Dar es Salaam. Tumepachagua kwa sababu. Hapo kiko chuo cha ualimu cha miaka mingi, ambacho tangu mwaka 2005 ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu. Hapo kiko chuo cha ufundi stadi, na karibu na hapo uko uwanja wa michezo ambamo usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961, bendera ya Tanganyika huru ilipandishwa. Kwa maneno mengine, mwalimu, fundi na mtazamaji wa michezo hukutana katika mtaa mmoja. Fundi ana neno lake, mwalimu ana lake, na mtazamaji hutumia lile atakalolisikia kwanza. Basi historia ya istilahi zetu nyingi ni historia ya watu hao watatu kusikilizana au kutosikilizana.

Mashindano yaliyoazima jina kwetu

Mashindano makubwa ya magari ya Afrika ya Mashariki yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Njia zake zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kuanzia mwaka 1960 yakaitwa Safari ya Afrika ya Mashariki, na mwaka 1974 jina la Afrika ya Mashariki likaondolewa, yakabaki kuwa Safari tu. Mwaka 1973 yaliingizwa katika orodha ya mashindano ya ubingwa wa dunia. Yaliondolewa katika orodha hiyo baada ya mwaka 2002, yakarudishwa mwaka 2021 nchini Kenya, katika maeneo ya Naivasha.

Wasomaji wetu watatambua mara moja ajabu ya jina lenyewe. Neno safari, tulilolipokea kutoka Kiarabu na kulifanya letu kabisa, lilichukuliwa na wageni wakalibandika juu ya mashindano yao, na hakuna aliyeona haja ya kulitafsiri. Dereva wa Finland au Ufaransa alilitamka kama tunavyolitamka sisi. Hapana shaka, basi, kwamba lugha huazimana, na kwamba kuazima peke yake si aibu wala si sifa. Jambo la kutazamwa ni kama neno lililoazimwa limefanya kazi iliyokusudiwa.

Dar es Salaam ilikuwa na sehemu yake katika historia hiyo. Mwaka 1966 na mwaka 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, katika gari aina ya Peugeot 404. Mwaka 1972 mashindano yalianzia Dar es Salaam, wakati wa sikukuu ya Pasaka, na mshindi akawa Hannu Mikkola wa Finland katika Ford Escort. Huyo ndiye wa kwanza kutoka nje ya Afrika ya Mashariki kushinda. Pasaka huangukia katika masika, na masika ndiyo yaliyoyapa mashindano hayo sifa yake. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Mengine yote yalibaki njiani, katika matope, mito na mashimo.

Ikumbukwe pia kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo mwananchi wa miaka ya sitini na sabini aliyataka mashindano hayo kwa njia tatu: kwa sikio, kupitia redio, kwa picha za magazetini, au kwa macho yake mwenyewe, kando ya barabara. Aliyekuwa na kamera aliongeza njia ya nne, nayo ni kuipiga picha yake mwenyewe na kuihifadhi. Ndipo maneno tunayoyachunguza yalipohitajika.

Dengu na meko

Wengi wetu hudhani kwamba maneno ya kitaalamu ya Ulaya yalizaliwa yakiwa ya kitaalamu. Sivyo. Neno lenzi latokana na Kilatini, na maana yake ya asili ni dengu. Waliokitazama kioo kilichobinuka pande zote mbili walikiona kinafanana na punje ya dengu, wakakiita hivyo. Neno fokasi nalo latokana na Kilatini. Maana yake ni meko, mahali pa moto nyumbani. Mnajimu Johannes Kepler alilitumia katika elimu ya nuru mwaka 1604, kwa kuwa mahali miali inapokutana ndipo kioo kinapoweza kuunguza. Kamera ni chumba, kwani chombo cha kwanza kilikuwa chumba cha giza chenye tundu moja la kupitisha nuru. Kwa hiyo maneno matatu makuu ya upigaji picha ni dengu, meko na chumba: yote yametoka nyumbani kwa mtu wa kawaida.

Kwa upande wetu, baadhi ya maneno ya vyombo vya kuonea yaliingia mapema, kwa njia ya bahari. Darubini ni neno la Kiajemi lenye viungo viwili, kimoja chenye maana ya mbali na kingine chenye maana ya kuona. Muundo wake ni wazi kwa aliyelibuni, na kwetu umekuwa neno moja lisilogawanyika. Neno picha lilikuja baadaye kutoka Kiingereza. Kitenzi chake, hata hivyo, hakikuazimwa: tulisema kupiga picha, kama tunavyosema kupiga simu, kupiga pasi, kupiga hodi. Hali kadhalika filamu ilipotiwa dawani, mafundi wa studio hawakungoja kamati. Walisema wanasafisha picha, na mteja akaelewa. Chumba chenyewe kikaitwa chumba cha giza.

Katika magari mambo yalikuwa vivyo hivyo. Breki, gea, tairi, injini, jeki na spana ziliingia kupitia karakana, si kupitia darasa. Fundi alilisikia neno, akalipa irabu ya mwisho, akalipeleka kwa mwanafunzi wake. Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, maneno hayo yalikuwa yamekwisha kukaa. Kazi iliyobaki ilikuwa kuyatambua na kuyapanga, na kuyatofautisha yale yaliyogongana.

Lenzi nayo ilipata bahati ya kuingia darasani. Mtoto wa shule ya msingi hufundishwa kwa Kiswahili habari za lenzi mbinuko na lenzi mbonyeo, yaani ile inayokusanya miali na ile inayoitawanya. Lakini akifika sekondari masomo ya sayansi hutolewa kwa Kiingereza, na hapo uzi hukatika. Matokeo yake ni kwamba Kiswahili kina maneno mazuri ya umbo la lenzi, wakati maneno ya kazi ya lenzi yameachwa yakue yenyewe mitaani.

Hesabu za mtazamaji

Ili tujue istilahi zinazohitajika, hatuna budi kwanza kujua mtazamaji anachagua nini. Tuchukue kamera ya filamu ya milimita 35, ambayo picha yake ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Aina hii ilienea duniani baada ya kamera ya Leica kuuzwa mwaka 1925. Lenzi yake ya kawaida ina urefu wa fokasi wa milimita 50. Urefu wa fokasi ni umbali kati ya kitovu cha lenzi na mahali miali itokayo mbali sana inapokutana.

Gari lenye urefu wa mita 4 likipita ubavu umbali wa mita 20 kutoka kwetu, lenzi ya milimita 50 italichora kwenye filamu kwa urefu wa milimita 10. Gari hilo hilo likiwa umbali wa mita 100, litachorwa kwa milimita 2 tu, sawa na punje ya mtama. Kwa lenzi ya milimita 200 litakuwa milimita 8; kwa ya milimita 300 litakuwa milimita 12. Kumbe basi mtu aweza kudhani kwamba lenzi kubwa kuliko zote ndiyo bora. Lakini arudi mita 20 na lenzi yake ya milimita 300: gari sasa lahitaji milimita 60, na filamu ina milimita 36 tu. Atapata mlango na gurudumu, na jina la dereva halitaonekana. Mahali hapo lenzi ya milimita 135 ingalimfaa zaidi, kwani ingalilichora gari kwa milimita 27, na kuacha nafasi kidogo ya vumbi mbele na nyuma.

Jambo la pili ni mwendo. Gari liendalo kilometa 100 kwa saa husafiri karibu mita 28 kwa sekunde. Mlango wa kamera ukifunguka kwa sehemu moja ya 500 ya sekunde, gari limekwisha kusogea sentimeta 5 na nusu. Ukifunguka kwa sehemu moja ya 60, limesogea karibu sentimeta 46. Mpiga picha ana njia mbili. Ama ataunasa mwendo kwa kufungua mlango muda mfupi sana. Ama atalifuata gari kwa kamera, akigeuka nalo, ili gari lisimame katika picha na miti ikimbie. Mfaransa Jacques-Henri Lartigue, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alilifuata gari la mashindano kwa kamera ambayo mlango wake ulishuka kama pazia. Gurudumu likatoka limelala kama yai, na watu waliosimama nyuma wakaelekea upande wa pili. Kwa kipimo cha fundi picha ile ina kasoro. Hata hivyo imedumu, kwa sababu kila aitazamaye huuona mwendo.

Jambo la tatu ni nuru. Kila lenzi ina tundu, na kila tundu lina kikomo cha kufunguka. Kwa filamu yenye wepesi wa ASA 100, jua la saa sita huruhusu sehemu moja ya 500 ya sekunde kwa tundu la f/8. Wingu zito la masika likitanda, tundu lazima lifunguliwe hadi f/2.8 ili muda ubaki ule ule. Lenzi nyingi za mbali zilizo nafuu hazifunguki kufikia hapo. Nyingine huishia f/5.6. Isitoshe, lenzi ya milimita 300 ikishikwa kwa mkono, mtikisiko wa mkono nao hukuzwa, na kanuni ya kawaida hutaka muda usiozidi sehemu moja ya 300 ya sekunde. Ndiyo maana mtazamaji wa Pasaka ya masika, asiye na fedha nyingi, alifanya vyema kuchagua lenzi ya wastani yenye tundu pana, na kusogea mahali pazuri, kuliko lenzi ndefu yenye tundu finyu.

Maneno matatu yanayogongana

Sasa twaweza kuurudia mgogoro wa istilahi. Tunasikia majina matatu yakitumiwa kana kwamba ni kitu kimoja: lenzi ndefu, lenzi ya kuvuta, na lenzi ya kukuza.

Lenzi ndefu ni jina la macho. Mtu huona mwanzi mrefu mbele ya kamera, akauita hivyo. Lakini jina hili lina kasoro. Mwaka 1891 mafundi watatu wa Ulaya, kila mmoja peke yake, walibuni namna ya kuunganisha lenzi mbinuko mbele na lenzi mbonyeo nyuma, ili chombo kizima kiwe kifupi kuliko urefu wake wa fokasi. Shabaha yao ilikuwa kuupunguza urefu ule. Kukiita chombo hicho lenzi ndefu ni kukisifu kwa kitu ambacho kimeundwa kukiepuka. Tunaona kwamba lenzi ya mbali ni jina lililo salama zaidi: linataja kazi, halitaji umbo.

Lenzi ya kuvuta ni jina la mkono. Mwenye lenzi ya namna hii huzungusha au husukuma pete, na gari lililokuwa mbali likaja karibu. Akirudisha, likaenda mbali. Lenzi hizi, ambazo urefu wa fokasi hubadilika bila kubadilisha lenzi yenyewe, zilianza kutengenezwa kwa kamera za picha za mnato za milimita 35 mwaka 1959. Kwa hiyo lenzi ya mbali na lenzi ya kuvuta ni vitu viwili. Lenzi ya milimita 300 isiyobadilika ni ya mbali, wala haivuti. Lenzi ibadilikayo kutoka milimita 28 hadi 70 huvuta, wala si ya mbali. Mitaani majina haya huchanganywa, na aliyekwenda dukani akitaka moja hurudi na nyingine.

Lenzi ya kukuza ndilo jina la hatari kuliko yote, kwani lina mwenyewe tayari. Kioo cha kukuza ni kile anachotumia fundi saa na mwalimu wa biolojia. Afisa ugavi akiandika katika orodha ya mahitaji ya ofisi kwamba anahitaji lenzi ya kukuza kwa ajili ya mpiga picha, muuzaji atakuwa na haki ya kumletea kioo cha shilingi chache chenye mpini.

Kuna wanaosema kwamba tofauti hizi ni za kifundi mno, na kwamba neno moja latosha. Mambo ya siku hizi yamewajibu. Simu za mkononi nyingi huweza kuleta kitu karibu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwa lenzi yenyewe, ambapo picha hubaki na ubora wake. Ya pili ni kwa programu, ambapo sehemu ya katikati ya picha hukatwa na kutanuliwa, na ubora hupungua. Katika lugha nyingine njia zote mbili zimepewa jina moja, na mnunuzi hudanganyika. Kiswahili kina vitenzi viwili tayari: ile ya kwanza ni kuvuta, na ile ya pili ni kukuza. Mfasiri wa vijitabu vya maelezo akiutunza mpaka huo, atakuwa amemlinda msomaji wake kuliko alivyolindwa msomaji wa lugha ya asili.

Neno na uhai

Yako pia mambo yasiyo ya fedha. Lenzi pana, tuseme ya milimita 28, hukifanya kitu kilicho karibu kionekane kiko mbali. Atazamaye gari kupitia lenzi hiyo hudhani ana nafasi ya kutosha, kumbe gari limekwisha kumfikia. Lenzi ya mbali hufanya kinyume chake: hubana umbali, ikamfanya mtu aone gari limemjia usoni na hali bado liko mita nyingi. Mwenye lenzi pana husogea barabarani. Mwenye lenzi ya mbali hurudi nyuma. Mwezi Machi 1986, katika mashindano ya Ureno, gari lilitoka barabarani likaingia katika umati, na watazamaji watatu wakafa. Mwaka uliofuata magari ya kundi lile lenye nguvu kupita kiasi hayakuruhusiwa tena katika ubingwa wa dunia. Picha za siku zile zaonyesha watu wamesimama barabarani penyewe, wakiachana na gari kwa upana wa mkono.

Kwa hiyo mfasiri anayeandika onyo la usalama kwa watazamaji hana ruhusa ya kuzembea. Akisema tu kwamba watazamaji wawe waangalifu na kamera, hajasema neno. Aseme kwamba atazamaye kwa lenzi pana asiamini umbali anaouona, na kwamba asimame upande wa ndani wa kona, juu ya kilima ikiwezekana, na atumie lenzi ya mbali. Sentensi hiyo haiwezi kuandikwa na mtu asiyekuwa na majina mawili tofauti ya lenzi mbili tofauti. Asiyejua maana haambiwi maana. Lakini asiyepewa neno hata maana hawezi kuiulizia.

Hitimisho

Tumeona kwamba waliotuletea lenzi na fokasi walitumia majina ya dengu na ya meko, wala hawakuona haya. Tumeona pia kwamba mafundi wetu walipata kusafisha picha na chumba cha giza bila msaada wa mtu. Mapendekezo yetu, basi, ni machache. Lenzi ya kawaida iwe ile ya milimita 50 au karibu na hapo. Lenzi pana iwe ile inayochukua eneo kubwa. Lenzi ya mbali iwe ile yenye urefu mkubwa wa fokasi, iwe ndefu kwa umbo au fupi. Lenzi ya kuvuta iwe ile tu ambayo urefu wake wa fokasi hubadilika. Kukuza kuachiwe kioo cha kukuza, na kazi ya kutanua picha iliyokwisha kupigwa. Na kwa vitenzi, tuseme kuunasa mwendo na kulifuata gari, ambavyo ni Kiswahili kitupu na havihitaji maelezo.

Hakuna kati ya maneno hayo lililobuniwa mezani petu. Yote yanatamkwa tayari, mengine studioni, mengine karakanani, mengine uwanjani. Kilichokosekana ni mipaka kati yake. Mwalimu wa Chang'ombe akiyafundisha kwa mipaka hiyo, na fundi wa mtaa huo huo akiyasikia kwa mwanawe arudipo shuleni, mgawanyo tulioueleza utakuwa umekwisha pale ulipoanzia. Na mtazamaji atakaposimama kando ya barabara wakati wa masika, atajua jina la chombo anachokihitaji, na kwa nini amesimama mbali.